Farasi Akianguka Ugenini



Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara iendayo Zambia utapita Morogoro, utapita Mikumi, kisha gari litaanza kujikokota kupanda mlima wa Kitonga. Ukifika juu utahisi hewa imebadilika, na lile joto letu la pwani limebaki nyuma. Hapo umeingia nchi ya Iringa, ambayo mji wake uko yapata mita 1,600 juu ya bahari. Mbele yake ni Mufindi kwenye mashamba ya chai, na mbele zaidi ni Mbeya chini ya milima yake; na kando ya Mbeya, upande wa Makete, ni uwanda wa Kitulo uliopita mita 2,600, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani hata ukakanyaga asubuhi yakalia kama chumvi ya mawe.

Katika nchi hiyo farasi anaweza kuishi. Huenda ukasema, na iwe hivyo, farasi atuhusu nini sisi watu wa pwani, ambao hatumjui ila kwa hadithi na picha? Nakuomba subira kidogo, kwani habari ya farasi wa huko juu imefungamana na habari zetu kuliko tunavyodhani, na mna ndani yake jambo la amana ambalo kila mwenye punda, ng'ombe au ngamia ataulizwa.

Mas'udi, yule msafiri mkubwa wa Kiarabu aliyefika pwani ya Zanj mara ya mwisho mnamo mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 kwa hesabu ya Miladi, aliandika kwamba watu wa nchi hii hawana farasi, wala nyumbu, wala ngamia, na kwamba ng'ombe ndiye wanayempanda hata vitani. Miaka karibu elfu baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Sayyid Said bin Sultan alileta farasi wa Kiarabu Unguja, na merikebu yake iitwayo Sultana ilipokwenda New York mwaka 1840 ilichukua farasi wawili miongoni mwa zawadi za kumpelekea Rais wa Marekani. Binti yake, Bibi Salme, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda. Wavulana wakipewa farasi, na wasichana wakipewa wale punda weupe wa Maskat, ambao bei yao haikuwa ndogo hata kidogo. Lakini farasi hao walikuwa wa majumba ya wakubwa. Hawakupata kuwa mnyama wa watu wote, na ukiwavusha bahari kuwapeleka bara, walikufa njiani.

Sababu yake haikujulikana ila baadaye. Katika misitu na mabonde ya Rufiji, Kilombero na Ruaha, ambayo huna budi kuyapita kwenda Iringa, kuna ndorobo, yule inzi ambaye akimuuma farasi humtia ugonjwa wa nagana. Daktari David Bruce aligundua kijidudu chake huko Zululand mwaka 1895 au karibu na hapo. Tena kuna maradhi mengine ambayo Waingereza wameyaita kwa jina la farasi mwenyewe. Haya huletwa na virusi, na huchukuliwa na visubi wadogo warukao usiku. Hilo la visubi halikuthibitishwa mpaka mwaka 1944. Farasi mzima asubuhi huweza kuwa maiti jioni ya pili, povu limemtoka puani kama aliyezama majini. Huko juu kwenye baridi ndorobo hawapo, na visubi ni wachache. Ndiyo maana farasi akiwahi kufika Mufindi au Mbeya akiwa hai, hupata kukaa. Shida ilikuwa ni kufika.

Jeshi lililokuja na farasi

Watu wa Uhehe hawakumjua farasi vitani. Jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski, ambalo Mkwawa alilivunja pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, lilikuwa la askari wa miguu, wachukuzi na punda wa mizigo. Farasi wengi walikuja katika Vita Kuu ya Kwanza, nao walikuja kufa.

Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia Tanganyika, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani, akitoka upande wa Kilimanjaro. Pamoja naye walikuwa Makaburu wa Afrika Kusini, watu waliozaliwa juu ya tandiko, na waliodhani kwamba vita vya Afrika ya Mashariki vitamalizwa kwa mbio za farasi kama walivyozoea kwao. Jenerali Van Deventer alipelekwa na wapanda farasi wake kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na msomaji wangu anajua Aprili ni mwezi gani katika nchi yetu. Mvua ya masika iliwashukia njia nzima. Farasi walizama matopeni hadi matumboni, wakateleza, wakaanguka, wakainuliwa, wakaanguka tena, mamia hawakufika. Waliofika Kondoa walikuwa mifupa. Kutoka hapo jeshi lilishuka Dodoma mwishoni mwa Julai, likaingia Kilosa mwezi wa Agosti, likawa katikati ya nchi ya ndorobo. Upande wa pili Jenerali Northey alikuwa akipanda kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Akaichukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na majeshi yake yakaingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916. Hata mwisho wa mwaka, askari wa Van Deventer walipopanda nao kwenda Iringa, wengi walioondoka kwao wakiwa wapanda farasi walikuwa wakitembea kwa miguu. Katika vita vile farasi, nyumbu, punda na ng'ombe waliokufa huhesabiwa kwa makumi elfu.

Historia zilizoandikwa na maofisa huweka vifo hivyo vyote kwenye hesabu ya ndorobo na maradhi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini ukizisoma habari za safari zile utaona jambo jingine: farasi aliyeanguka kwenye utelezi, akaumia paja au bega bila ya kuvunjika mfupa, hakupewa hata siku tatu. Ama alilazimishwa kwenda na wenzake huku akichechemea, ama alipigwa risasi kando ya njia. Mnyama wa namna hiyo, lau angelipumzishwa wiki tatu na kutunzwa, angeliweza kupona na kumbeba mtu tena. Amri ya mwendo haikuwa na nafasi ya wiki tatu. Kwa maoni yangu haraka nayo iliua, na inzi akachukua lawama yote.

Na farasi walipokwisha, nani alibeba? Jibu lake liko mdomoni mwako kila siku, msomaji wa Dar es Salaam, unaposema unakwenda Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, jeshi la wachukuzi, lililopiga kambi pale. Na Nairobi nako lipo la namna hiyo. Watu wa bara na wa pwani walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakawekwa mahali pa farasi na nyumbu. Wanahistoria wengi hukisia kwamba waliokufa miongoni mwao kwa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja. Walikufa kwa njaa, kuhara, baridi ya nyanda zile za Iringa na Njombe ambayo mtu wa Mrima hakuzaliwa nayo, na uchovu. Walivyofanyiwa wanyama ndivyo walivyofanyiwa watu: aliyeanguka aliachwa.

Elimu iliyokuwako

Tusidhani kuwa wakati ule haikujulikana namna ya kumtibu farasi aliyeumia. Elimu hiyo ni ya kale, na Waislamu wana fungu kubwa ndani yake. Qur'ani Tukufu katika Suratun Nahl imewataja farasi, nyumbu na punda pamoja kuwa wameumbwa wapandwe na wawe pambo, na Suratul Adiyat imeanza kwa kuapa kwa farasi waendao mbio wakipumua kwa nguvu. Watu walioisoma Qur'ani hiyo hawakuweza kumdharau mnyama huyu. Katika karne ya tisa ya Miladi, msimamizi wa mabanda ya farasi ya Makhalifa wa Bani Abbas, Ibn Akhi Hizam, alitunga kitabu juu ya kupanda farasi na kuwatibu, na ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa kwa lugha ya Kiarabu katika fani hiyo. Huko Cairo, Abu Bakr ibn Badr, tabibu wa farasi wa Sultani An-Nasir Muhammad bin Qalawun, aliandika kitabu kikubwa zaidi kabla ya kufa kwake mwaka 1340 hivi. Mfaransa Perron akakifasiri katikati ya karne ya kumi na tisa. Chuo cha kwanza cha matibabu ya wanyama katika Ulaya, kile cha Lyon, kilifunguliwa mwaka 1762. Piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi baina ya hivyo viwili.

Si kila kilichokuwamo katika vitabu hivyo kinafaa kufuatwa leo. Matabibu wa zamani, wa Kiarabu na wa Kizungu sawasawa, walipenda mno kumchoma farasi kwa chuma cha moto kwenye kiungo kilichouma, wakiamini kuwa moto huondoa udhaifu. Madaktari wa sasa wameukataa utaratibu huo, kwani huongeza jeraha juu ya jeraha. Lakini walichokijua wazee wale ni kutazama. Walimtazama farasi alivyosimama, alivyoweka kichwa, alivyogeuka, kabla ya kumgusa kwa mkono. Hapo ndipo matibabu yanapoanza hata leo.

Akianguka, afanyiwe nini

Tuseme farasi ameteleza kwenye mteremko wa udongo mwekundu wa Mufindi, mvua imenyesha, miguu ya nyuma imempanuka akaanguka ubavu. Jambo la kwanza ni kumwacha apate pumzi na ainuke mwenyewe akiweza. Asivutwe kwa hatamu wala kupigwa. Akisimama, saisi amwangalie: je, mguu unaning'inia? Je, hataki kabisa kuukanyagia? Kuna mahali mfupa umekwenda upande? Kuna jeraha linalotoa damu nyingi, au lililo karibu na kiungo? Likiwapo moja katika hayo, asitembezwe hata hatua kumi. Daktari wa mifugo aitwe pale pale alipo. Vilevile mkojo utazamwe. Farasi aliyeumia misuli vibaya huweza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, na hiyo ni hatari kwa figo zake, si jambo la kungojea kesho.

Kama dalili hizo hazipo, lakini anatembea kwa hatua fupi, anaburuta ncha ya ukwato, au ukimbonyeza paja, mgongo au bega anashtuka na kuinua kichwa, na pale mahali pana moto na uvimbe, basi huenda ni msuli uliovutika. Nyuzi zake ndogo zimekatika ndani, damu na maji vimekusanyika. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa huruma huwafanya wachue na kukanda kwa maji moto siku ile ile. Moto huongeza damu mahali ambapo damu imezidi. Siku mbili tatu za kwanza dawa ni baridi: maji yamiminwe juu ya mahali pale kwa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Nchi ya Iringa na Mbeya imejaliwa katika jambo hili kuliko sisi, kwani maji ya mito ya Mufindi hayahitaji barafu. Lakini usiku farasi afunikwe blanketi kavu na atolewe penye upepo, kwa kuwa ubaridi wa maji kwenye msuli mmoja si sawa na kumwacha mwili mzima ukitetemeka.

Banda liwe na matandiko mengi, majani makavu au pumba za mbao, aweze kulala bila ya kuogopa kuinuka. Farasi husinzia amesimama, hilo linajulikana, lakini usingizi wake wa ndani huupata akilala chini, na mwenye maumivu huogopa kulala. Mguu wa pili, ule mzima, nao uangaliwe kila siku, maana ndio unaobeba uzito wote. Farasi wengine hupona mguu ulioumia wakaharibika kwato za mguu mzima.

Dawa ya kutuliza maumivu ipo, na hutolewa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Vidonge vya binadamu visipewe farasi kwa kukisia. Vingine humtoboa matumbo. Tena dawa ya maumivu ina hila ndani yake. Farasi asiyesikia maumivu hujiona mzima, akataka kukimbia, na mwenyewe akimwona anataka kukimbia hufurahi akamtia tandiko.

Chakula nacho ni sehemu ya dawa, na hapa pana jambo ambalo wenye farasi wa zamani walijifunza kwa hasara. Farasi wa kazi aliyezoea kupewa mahindi au shayiri kwa wingi, akipumzishwa bila ya kupunguziwa nafaka, siku anayorudi kazini hukakamaa misuli yote ya nyuma, akatoka jasho, asiweze kwenda mbele wala nyuma. Huko Ulaya yakaitwa maradhi ya Jumatatu, kwa sababu farasi wa mikokoteni walipumzika Jumapili huku wakishibishwa. Kwa hiyo anayepumzika apewe majani makavu na maji mengi na chumvi, na nafaka ipunguzwe tangu siku ya kwanza.

Baada ya siku tatu au nne, uvimbe ukipungua na moto ukitulia, ndipo maji ya uvuguvugu na kuchua kwa mkono huwa na faida. Mkono uende polepole, ukifuata nywele zilivyolala, na uishie pale mnyama anapokunja sikio. Kisha atembezwe kwa mkono, bila ya mtu mgongoni, mahali tambarare, dakika 5 au 10 asubuhi na jioni, na dakika ziongezwe kidogo kidogo. Kumfungia kabisa mwezi mzima si huruma. Msuli usiotembea hupona kwa kovu gumu, na kovu hilo huvutika tena. Jeraha dogo huchukua wiki mbili au tatu. Kubwa huchukua miezi miwili na zaidi. Mwendo wa matiti uje baadaye, nao uje kwenye mstari ulionyooka, na milima iwe ya mwisho kabisa. Mteremko ni mbaya kuliko mwinuko, kwani farasi anaposhuka hujizuia kwa mapaja ya nyuma. Katika nchi kama Mufindi, ambayo haina uwanja ila umepakana na bonde, sharti hilo huwatia watu uzito, na ndilo linalovunjwa kwanza.

Mbio mbili za Madina

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindanisha farasi huko Madina, na Abdallah bin Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Farasi waliokuwa wamezoezwa na kukazwa miili walikimbizwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, mwendo uliokadiriwa na wapokezi kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakuzoezwa walikimbizwa kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili moja tu. Watu wengi huisoma Hadithi hii katika mlango wa michezo wakaipita. Mimi naiona kuwa ni kipimo cha daktari. Farasi mmoja hakulinganishwa na mwingine kwa sababu wote ni farasi. Kila mmoja alipewa umbali unaolingana na hali ya mwili wake siku ile. Mwenye kumrudisha kazini mnyama aliyeumia anahitaji fikira hiyo hiyo: huyu amelala banda wiki nne, basi leo si yule wa mwezi uliopita.

Tena Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, ubavu wake wa kulia ukachubuka, Masahaba wakaja kumzuru na akawasalisha hali amekaa. Anas bin Malik (R.A.) ndiye aliyeisimulia. Mafaqihi wametoa humo hukumu za sala ya mgonjwa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Wala haikusimuliwa humo kuwa farasi yule aliadhibiwa.

Punda wa Makete

Farasi wa Nyanda za Juu hawakuwa wengi baada ya vita. Walowezi waliokuja Iringa na Mufindi katika miaka ya 1920 na 1930 walikuwa nao mashambani. Chanjo iliyofaa dhidi ya yale maradhi ya farasi ilipatikana Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka hiyo ya 1930, ikawapa farasi umri mrefu zaidi. Na mpaka miaka ya karibuni wako wachache Mufindi wanaopandwa na wageni wa kutembea. Lakini mnyama ambaye habari yake ina uzito kwa wananchi wa huko ni mwingine, naye sisi wa pwani tunamjua vizuri.

Wilaya ya Makete, iliyokuwa katika Mkoa wa Iringa na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe, ni nchi ya milima mikali. Kuanzia mwaka 1985 ulifanywa mradi wa usafiri wa vijijini huko, ukisimamiwa na Shirika la Kazi Duniani kwa msaada wa Uswisi. Waliopima walikuta kuwa sehemu kubwa ya mzigo wa wilaya nzima, yaani kuni, maji, mazao na unga wa kusagisha, hausafiri kwa gari wala kwa mkokoteni, bali kichwani, na kichwa chenyewe ni cha mwanamke. Mradi ukatengeneza njia za miguu na madaraja madogo, na ukaleta punda wa kubebeshwa mgongoni, mnyama ambaye wengi huko hawakuwa wamemzoea. Utaona, ndugu msomaji, kuwa mambo yamegeuka: mwaka 1916 mtu alitiwa mahali pa mnyama, na miaka 70 baadaye mnyama aliletwa amwondolee mama mzigo.

Lakini punda naye huanguka, na njia za Makete ni zile zile za utelezi. Yote niliyoyaeleza juu ya farasi yanamfaa, ila kuna tofauti moja ambayo imewapoteza wengi. Farasi akiumia huonyesha. Hutoka jasho, hutikisa kichwa, hukataa. Punda hunyamaza. Husimama pale pale, masikio yameinama kidogo, na mwenyewe husema huyu ni mvivu au mkaidi, akachukua fimbo. Punda aliyeacha kula, au aliyesimama peke yake mbali na wenzake, au anayekwenda polepole bila ya sababu inayoonekana, achukuliwe kuwa ni mgonjwa mpaka ithibitike kuwa mzima.

Hapa petu pwani Lamu inaweza kuwa ushahidi. Kisiwa kile kimejengwa kwa migongo ya punda. Mchanga, mawe, saruji na magunia yote hupita katika vichochoro juu yao. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza la kuwatunza punda lilifungua hospitali yao pale mjini, na matibabu hutolewa bila ya malipo. Katika Sunan ya Abu Daud kuna habari ya ngamia wa Madina aliyetokwa na machozi alipomwona Mtume (S.A.W.), naye akamwita mwenyewe akamwonya amche Mwenyezi Mungu, kwa kuwa mnyama huyo amemshtakia njaa na kuchoshwa. Punda wa Lamu hana wa kumshtakia kwa ulimi. Mwenyewe ndiye humfunga kamba akampeleka.

Na punda akishapona msuli, siku ya kwanza ya kazi asibebeshwe mzigo wake wa zamani. Aanze na matandiko matupu siku mbili, kisha robo ya mzigo, ugawanywe sawasawa kulia na kushoto, asubuhi kabla ya jua kali, njia ya tambarare. Jioni mbonyeze pale pale palipouma. Kama ngozi inaruka chini ya vidole, kesho apumzike tena.